Kupanga Injini ya V8 Yenye Torki Kubwa kwa Gari la Misuli la Kale: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari wa Nairobi

Mtu anayetaka kuunda upya injini ya gari la misuli la Kimarekani (gari la kawaida lililotiwa injini kubwa ya V8) akiwa Nairobi hukumbana na jambo ambalo miongozo mingi hulitaja kwa mstari mmoja tu, nalo ni kwamba jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni 101, na kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 18 ya torki yake kabla fundi hajashika spana. Gari hilohilo likiteremka kwenda Pwani hurudishiwa torki hiyo yote, na pamoja nayo hatari ambayo halikuwa nayo huku juu. Ndiyo maana katika mwongozo huu kila uamuzi utaulizwa mara mbili: utafanya kazi vipi Nairobi, na utafanya kazi vipi Mombasa.

Mfano nitakaoutumia ni V8 ndogo ya Chevrolet, ambayo familia yake ilianza mwaka 1955 na ambayo toleo lake la inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, lilianza kuonekana kwenye Camaro ya 1967. Mwenye Ford au Mopar (magari ya familia ya Chrysler) atabadilisha vipimo, lakini mtiririko wa kazi hautabadilika.

Andika matumizi kabla ya kuandika orodha ya spea

Torki ni nguvu ya kusokota, na ndiyo unayoisikia mgongoni taa inapokuwa kijani. Nguvu ya farasi huzaliwa kutokana nayo: chukua torki kwa pauni-futi, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 5,252. Kutokana na hesabu hiyo utaona kwamba injini iliyoundwa kutoa farasi wengi kwenye mizunguko 6,500 inaweza kuwa goigoi kwenye mizunguko 2,000, na gari la Nairobi huishi kwenye mizunguko 2,000. Foleni ya Uhuru Highway jioni, mlima wa Waiyaki Way, na kupita lori kwenye barabara ya Mombasa ni mambo yanayofanyika kati ya mizunguko 1,500 na 4,500. Panga injini yako kwa eneo hilo, na uwaachie wenye viwanja vya mbio mizunguko iliyobaki.

Katika ukurasa mmoja andika uzito wa gari, aina ya giaboksi, uwiano wa difu, kipenyo cha matairi, kama breki zina servo (kifaa cha kulainisha kanyagio) au hazina, na ni mara ngapi kwa mwaka unakusudia kwenda Pwani. Ukurasa huo ndio utakaokuzuia kununua kitu kwa sababu tu kinang'aa.

Ujazo kwanza

Njia ya uhakika ya kupata torki ya chini ni kuongeza ujazo wa silinda, na katika V8 ndogo ya Chevrolet njia iliyozoeleka ni kugeuza 350 kuwa 383. Silinda yenye kipenyo cha inchi 4.00 hupanuliwa hadi inchi 4.030, na krenkishafti yenye mwendo (umbali ambao pistoni husafiri kutoka chini hadi juu) wa inchi 3.48 hubadilishwa kwa yenye mwendo wa inchi 3.75, mwendo uleule wa injini ya Chevrolet 400. Matokeo yake ni takriban lita 6.3. Kwa nje hakuna anayeweza kutambua tofauti, jambo ambalo wapenzi wa magari ya kale wanaopeleka magari yao kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance hapo Ngong watalithamini.

Injini ya 383 iliyopangwa vizuri kwa matumizi ya barabarani hutoa torki ya pauni-futi 400 hadi 450 katika usawa wa bahari. Chukua 420, ambayo ni kama nyutoni-mita 570, uizidishe kwa 0.82, na utapata nyutoni-mita 467 hivi za Nairobi. Usilalamikie namba hiyo. Fahamu vilevile kwamba mashine ya kupimia nguvu huweza kukuandikia namba iliyosahihishwa kana kwamba gari liko baharini, kwa hiyo uliza karatasi inasoma ipi kabla hujaanza kushangilia.

Kabla ya kuagiza krenki, angalia sehemu ya nyuma ya bloku. Bloku za kabla ya 1986 hutumia sili ya nyuma ya vipande viwili, na za kuanzia mwaka huo hutumia sili ya kipande kimoja. Krenki ya moja haikai kwenye nyingine hivihivi. Ukipata krenki halisi ya 400, shingo zake kuu za inchi 2.65 itabidi zikerezwe hadi 2.45 ili ziingie kwenye bloku ya 350. Kubwa zaidi ni mizani: krenki nyingi za aina hiyo husawazishwa kwa uzito ulio nje, kwa hiyo dampa ya mbele (gurudumu la kuzuia mtetemo) na flaiwili lazima ziwe za 400 au za kufanana nazo. Anayechanganya hapa huunda injini inayotetemeka hadi beringi zinakufa.

Mgandamizo: kaa hapa muda mrefu

Hapa ndipo mpango wa Nairobi hutofautiana na wa mahali pengine, na ndipo kikokotoo cha simu kina faida kuliko spana yoyote.

Uwiano wa mgandamizo hupatikana kwa kujumlisha ujazo wa mwendo wa pistoni na ujazo unaobaki juu yake, kisha kugawanya kwa huo unaobaki. Silinda moja ya 383 ina ujazo wa mwendo wa sentimita za ujazo 784. Chukua silinda hedi yenye chemba ya 64, gasketi yenye unene wa inchi 0.039 baada ya kubanwa, ambayo hutoa 8.4, na pistoni inayosimama inchi 0.005 chini ya uso wa bloku, ambayo hutoa 1. Ukiweka pistoni bapa zenye mikato ya valvu ya 5, jumla ya kinachobaki ni 78.4, na uwiano unakuwa 11 kwa 1. Vipande hivyohivyo kwenye 350 ya kawaida vingetoa 10.1. Watu wengi hunaswa na mtego huo: wanaongeza mwendo wa krenki huku wakibaki na pistoni na hedi walizozoea, mgandamizo unapanda bila wao kujua, na kwa sababu hewa ya Nairobi ni nyepesi injini haigongi, yaani mchanganyiko haulipuki ovyo ndani ya silinda. Inakuja kugonga ikiwa imejaa abiria na mizigo, joto la Pwani likiwa limeikaba.

Badala yake chagua pistoni zenye shimo la sentimita za ujazo 18. Kinachobaki kinakuwa 91.4, na uwiano unashuka hadi 9.6 kwa 1, kiwango kinachoweza kuishi na petroli ya super inayouzwa vituoni hata kwenye usawa wa bahari, mradi taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, iwe ya busara. Hedi za alumini, ambazo hutoa joto haraka, zinaruhusu kusogea hadi 10 kwa 1. Wapo watakaokuambia kwamba hewa ya hapa inakuruhusu 11 bila wasiwasi. Kwa gari lisilovuka Athi River sina ubishi mkubwa nao, ila sijawahi kumwona mwenye gari la namna hiyo aliyetimiza ahadi ya kutolipeleka Mombasa.

Usipunguze mgandamizo kwa kurundika gasketi nene. Nafasi kati ya uso bapa wa pistoni na hedi, ambayo katika mfano wetu ni inchi 0.044 au milimita 1.1, ndiyo inayosukuma mchanganyiko wa hewa na petroli kuelekea kwenye plagi na kuufanya uungue haraka bila kulipuka ovyo. Nafasi hiyo ikipanuka, injini yenye mgandamizo mdogo inaweza kugonga kuliko yenye mgandamizo mkubwa.

Jambo la risasi nalo lisisahaulike. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika Kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na injini nyingi za miaka ya 1960 zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu za ekzosti. Hedi za asili zikitumiwa, zikatiwe viti vigumu vya chuma wakati zinapokuwa mezani kwa fundi, kwa sababu kuzitoa tena baadaye ni kulipia kazi mara mbili.

Bloku na karakana ya kukereza

Nairobi ina mafundi wazuri wa kukereza, hasa katika Industrial Area, lakini wengi wao kila siku hushughulikia injini za malori na matatu. Mpe fundi wako vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, na ukae naye mkielewana kipimo kimoja baada ya kingine. Bloku ioshwe na ikaguliwe nyufa kwanza, kisha unene wa kuta za silinda upimwe, kwa kuwa bloku iliyoishi miaka hamsini kwa maji matupu bila kizuia kutu inaweza kuwa imeliwa kutoka ndani.

Sheria moja haina msamaha: silinda zisipanuliwe kabla pistoni hazijafika. Niliwahi kuacha bloku katika karakana moja nikiwa na miadi tu ya pistoni. Silinda zikakerezwa kwa kipimo cha kitabu, na pistoni zilipofika zilihitaji nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo honi (kusugua silinda kwa jiwe) ikarudiwa na ukuta ukapungua bila sababu. Pistoni hupimwa moja moja, na kila silinda hukamilishwa kulingana na pistoni yake.

Vipimo vya kumwandikia fundi ni hivi. Nafasi ya mafuta kwenye beringi ni takriban inchi 0.001 kwa kila inchi ya kipenyo cha shingo, kwa hiyo shingo kuu ya inchi 2.45 inataka karibu 0.0025. Mwanya wa ringi ya juu kwa injini ya barabarani ni inchi 0.004 kwa kila inchi ya silinda, yaani 0.016 katika mfano wetu, isipokuwa mtengenezaji wa ringi awe ameagiza vingine. Kwa kuwa mwendo wa krenki ni mrefu, konrodi hukaribia kugusa ukingo wa chini wa bloku na nundu za kamshafti, shafti inayofungua valvu. Ukingo wa bloku na konrodi zenyewe husagwa kidogo, kisha injini huunganishwa kwa majaribio na kuzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ili kuhakikisha kuna nafasi ya inchi 0.050 angalau kila mahali. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kusawazisha krenki na kabla ya kuosha bloku kwa mara ya mwisho, maana vumbi la chuma ni sumu ya beringi.

Hedi na kamshafti

Mashimo makubwa ya hewa hupendeza kwa macho na huua torki ya chini, kwa kuwa hewa inayopita polepole haijazi silinda vizuri. Kwa 383 ya barabarani tafuta hedi zenye njia za kuingizia hewa za sentimita za ujazo 170 hadi 195. Hedi za chuma za Vortec, zilizofungwa kwenye pikapu za Chevrolet na GMC za 1996 hadi 2000, zina chemba za 64 na ni chaguo la mtu mwenye bajeti ya kawaida, ila zinahitaji manifoldi ya aina yake, na springi zake za asili hazipendi kamshafti yenye kuinua valvu sana.

Kamshafti ndiyo inayoamua tabia ya injini. Muda wa valvu kuwa wazi, ukipimwa kwenye inchi 0.050 ya kuinuka, ubaki kati ya nyuzi 210 na 220 za mzunguko wa krenki, na pembe kati ya nundu iwe 110 hadi 112. Kamshafti kubwa hufunga valvu ya kuingiza ikiwa imechelewa, pistoni imeshaanza kupanda, na sehemu ya hewa hurudishwa ilikotoka. Kwa Nairobi, ambako hewa ni haba tangu mwanzo, hiyo ni hasara juu ya hasara.

Kuna pia suala la breki. Servo huendeshwa na ombwe la manifoldi, na geji ya ombwe hapa husoma pungufu kwa kama inchi 5 za zebaki kuliko baharini, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe ni dhaifu. Injini nzima ambayo kitabu kinasema isome 18 ikiwa inanguruma bila kukanyagwa itasoma 13 hapa, na si mbovu. Sasa ongeza kamshafti ya fujo. Kosa hilo nililifanya mwenyewe kwa kununua ya nyuzi 240 kwa sababu ya mlio wake. Geji ikasoma 7, kanyagio la breki likawa gumu kama jiwe, na kwenye mzunguko wa Haile Selassie nusura nimpige mwenye mkokoteni aliyebeba magunia ya sukuma wiki. Mlio ulikuwa mzuri sana, nakiri.

Ukichagua kamshafti ya tapeti bapa (tapeti ndizo zinazokaa juu ya nundu na kusukuma valvu), oili lazima iwe na zinki ya kutosha, na injini mpya ikiwaka tu iendeshwe kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 hadi 30 bila kuachwa inguruma polepole. Ya tapeti za rola ni ghali zaidi lakini haina mashariti hayo, na kwa mtu asiye na uhakika wa oili anayoipata ningeshauri afunge mkanda na anunue rola.

Manifoldi, kabureta, moto na ekzosti

Manifoldi ya kuingizia hewa iwe ya ngazi mbili (dual-plane). Kuhusu kabureta, zidisha ujazo wa injini kwa mizunguko ya juu kabisa utakayotumia, gawanya kwa 3,456, kisha zidisha kwa 0.85: 383 kwenye mizunguko 5,500 inahitaji futi za ujazo 518 tu kwa dakika. Kabureta ya 600 inatosha na kubaki.

Kabureta hupima kwa ujazo wa hewa wala si kwa uzito wake, kwa hiyo iliyotoka kiwandani ikiwa imewekwa kwa usawa wa bahari hapa hutia petroli kupita kiasi: plagi huwa nyeusi na moshi hunusa. Kwa aina ya Holley, punguza jeti (vitundu vinavyopitisha petroli) kwa saizi moja kwa kila futi 2,000, yaani saizi mbili au tatu kwa Nairobi. Jeti za asili usizitupe, kwani hizo ndizo jeti zako za Mombasa. Gari likishuka na jeti za Nairobi, mchanganyiko huwa na petroli kidogo wakati uleule ambapo silinda zimejaa hewa nzito, na hapo pistoni hutoboka. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kabureta za Edelbrock za mfumo wa vijiti, ambavyo hubadilishwa kando ya barabara kwa bisibisi bila kufungua bakuli la petroli.

Moto, yaani cheche ya plagi, uanze na nyuzi 10 hadi 14 kabla pistoni haijafika juu, ufike 34 hadi 36 kwenye mizunguko 3,000, na distribyuta ya ombwe ibaki imeunganishwa kwa ajili ya matumizi ya petroli. Heda za mabomba ya inchi 1⅝ na ekzosti mbili za inchi 2½ zinatosha.

Upoozaji

Maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kupitia radieta. Kifuniko cha radieta kinachoshika shinikizo la pauni 15 hurudisha zaidi ya nyuzi 20 za usalama, kwa hiyo kifuniko kibovu hapa ni kosa kubwa kuliko Pwani. Weka radieta ya safu nyingi, kava la feni linalozunguka feni yote, na thermostati ya nyuzi 82. Fundi akikushauri utoe thermostati ili injini isichemke, mshukuru na umwache aende.

Giaboksi na difu

Kwa matairi ya kipenyo cha inchi 26 na gia ya juu ya moja kwa moja, mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzungusha injini mara 2,470 ukiwa na difu ya 3.08, na mara 3,290 ukiwa na ya 4.10. Injini ya torki hutosheka na 3.08 hadi 3.55. Kagua pia krosi za propela shafti na klachi, maana torki mpya hutafuta sehemu dhaifu.

Mpangilio wa ununuzi na karatasi

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza magari yaliyopita miaka 8, kwa hiyo usitegemee kuagiza gari zima la kutolea spea. Kirinyaga Road utapata beringi za feni, hozi, belti na gasketi za kukata, lakini si kamshafti ya 383. Agiza krenki, konrodi, pistoni na ringi kama seti moja iliyosawazishwa. Vitu vizito vije kwa meli, na gasketi, jeti na ringi za akiba zije kwa ndege. Kwenye bei jumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla hujasema kitu ni rahisi. Ukibadilisha bloku yenyewe, namba ya injini iliyo kwenye logbuku nayo lazima ibadilishwe kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ni afadhali kuanza safari hiyo gari likiwa bado halijarudi barabarani.

Kuwasha, kurekebisha na kushuka

Jaza mfumo wa oili shinikizo kwa kuzungusha pampu na drili kabla ya kuwasha. Baada ya kilomita 100 za kwanza badilisha oili na ukate chujio uangalie chuma ndani yake. Katika kilomita 800 zinazofuata endesha kwa mwendo unaobadilikabadilika, ukipanda mlima kwa gia ya juu na kuachia ukiteremka, ili ringi zikae. Soma plagi kila wiki, na uandike geji ya ombwe, joto na taimingi kwenye daftari.

Safari ya kwanza ya Mombasa iwe ya asubuhi. Simama Mtito Andei, ambako tayari umeshuka karibu kilomita moja, rudisha jeti au vijiti vya usawa wa bahari, na upunguze moto kwa nyuzi mbili au tatu. Kuanzia hapo zima redio, fungua vioo kidogo, na kila unapokanyaga mafuta kwenye kilima usikilize mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Ukiusikia, inua mguu papo hapo na upunguze nyuzi mbili nyingine kabla ya kufika Voi.